Kopo Zito, Mafuta Kiduchu

Kopo la krimu ya bei ghali lina ujanja wake. Ukilishika ni zito, linang'aa, unadhani kioo. Kumbe plastiki: akriliki, au Surlyn, resini ileile inayovikwa mipira ya gofu. Ukuta unafanywa mnene makusudi, au ndani kinapachikwa kikombe kidogo. Jicho linaona kopo kubwa, mkono unapata krimu kiduchu. Uwazi wote ule, na bado tunafichwa.

Mafuta ya nazi ya mtaani huuzwa kwenye chupa ya maji iliyokwisha tumika. Hakuna mbwembwe, lakini unachokiona ndicho unachopata. Yatie hayohayo kwenye kopo la kifahari pale Diani, uyapeleke Nairobi mwezi wa Julai: chini ya nyuzi joto 24 hivi yanaganda, meupe pe, na mteja anadhani yameharibika. Mbunifu aliyeuza uwazi hakuijua nazi.

Mrashi wa bibi zetu hauonyeshi kitu ndani, ila hujazwa tena na tena, na mjukuu akaurithi. Ufahari si huo?

Tangu 5 Juni 2020, chupa ya maji ya plastiki hairuhusiwi kwenye hifadhi kama Kisite-Mpunguti. Kopo la krimu, zito kuliko hiyo chupa, tunaliita anasa. Jamani, bei haigeuzi plastiki kuwa kioo. Mbunifu wa Kwale aanze na swali moja tu: likiisha, linajazwa wapi?