Vua Viatu, Twende Buzwagi!

Jamani, jamani! Nimetoka Buzwagi sasa hivi, vumbi bado limeng'ang'ania katikati ya vidole hata baada ya kuosha miguu, na sikai chini kabla sijakwambia: vua viatu, ndugu yangu, vua!

Wengine wakisikia Buzwagi wanawaza ule mgodi wa dhahabu uliozalisha kuanzia 2009 hadi 2021. Mimi tangu leo nawaza udongo tu. Nilianzia kwenye njia ya ng'ombe upande wa Mwendakulima, pekupeku. Mchanga wa asubuhi! Baridi, laini, mwepesi kama unga wa muhogo, unazama, unateleza, vidole vinajikunja vyenyewe kuushika. Na bado! Ikaja changarawe nyekundu, kali kwelikweli, inachoma, inatekenya, inakuamsha hadi utosini. Hatua zikafupika, magoti yakalegea, kisigino kikaacha kabisa kupiga chini kwa kishindo. Kisha jabali, pana, limeanza kupata jua, lina vijichembe vinavyokwaruza unyayo kama ulimi wa ndama. Raha isiyosemeka!

Na bado! Ngoja nikupeleke jarubani. Mpunga umeshavunwa, ule udongo mweusi wa mbuga umekauka ukapasuka vipande vipande, na kila bonge limeinama upande wake. Ukikanyaga hili, kifundo kinaegemea ndani. Ukikanyaga lile, kinaegemea nje. Nyonga inazunguka, mgongo unafuata, mwili mzima unacheza! Unajua unyayo mmoja una mifupa 26? Leo nimeisikia yote ikiamka, mimi niliyevaa buti ngumu zenye chuma mbele miaka nenda rudi. Na kwenye kona moja tope lilikuwa bado bichi, zito, la ubaridi, likapanda katikati ya vidole, fyuu! Nilipiga kelele. Sasa namwelewa Abebe Bikila, aliyeshinda marathoni ya Olimpiki ya Roma 1960 bila viatu!

Anza na dakika tano tu, angalia sana miiba, na kama una kisukari muulize daktari kwanza.

Nimefika nyumbani, nikachuchumaa kuosha miguu kwenye beseni, visigino vyote viwili chini, bila kushika ukuta! Nikasimama, nikachuchumaa tena. Na tena! Kesho saa kumi na mbili asubuhi narudi, umande haujakauka. Nikupitie?