Slaidi ya tisa iliudhulumu msuli

Hadi slaidi ya nane, mhadhara wa Jumamosi kuhusu neva na msuli, kwenye ukumbi ulio jirani na Mnazi Mmoja, Dar es Salaam, ulikwenda vizuri. Asetilikolini, kemikali ambayo neva huitumia kuuamsha msuli, ilielezwa kwa usahihi, na mtafiti wake Bernard Katz akatajwa kwa heshima anayostahili.

Kisha ikaja ya tisa. Mliokuwepo mliiona: msuli umechorwa mtupu, neva inawasili, inamwaga protini iitwayo agrini, na vipokezi vya asetilikolini vinakimbilia chini yake. Mshale mmoja, wa upande mmoja. Neva inaamuru, msuli unatii. Ni kosa la wazi, na halina utetezi.

Mteja hafiki Mtaa wa Kongo, Kariakoo, akakuta lami tupu, kisha meza zikachipuka miguuni pake. Wamachinga wanakuwa wameshapanga nguo kabla mwendokasi haujashusha abiria Gerezani. Msuli nao ndivyo ulivyo. Mwaka 2001 maabara ya Steven Burden na ya Kuo-Fen Lee zilichunguza vijusi vya panya ambavyo neva haikufika kwenye kiwambo, ule msuli wa kupumulia. Vipokezi vilikuwa vimeshajikusanya katikati ya msuli. Zilizovipanga ni MuSK na LRP4, protini za msuli wenyewe. Panya asiye na MuSK hapati mkusanyiko wowote, na hufa akizaliwa kwa kukosa pumzi.

Agrini basi inafanya nini? Inalinda. Asetilikolini, pamoja na kuuamsha msuli, hutawanya mikusanyiko isiyo na agrini, kama mgambo anavyofukuza meza. Agrini ni kile kitambulisho cha shilingi 20,000 walichoanza kupewa wamachinga Desemba 2018: hakikuleta biashara, kilimpa mwenye meza haki ya kubaki. Mwaka 2005 ilionekana kwamba panya waliokosa agrini na asetilikolini kwa pamoja bado wana mikusanyiko yao. Jambo hilo moja linatosha kuifuta slaidi ile.

Nimelilalamikia hili miaka mingi na nitaendelea: tunachora neva kama waya wa umeme na msuli kama taa ya dari, halafu tunashangaa mwanafunzi haelewi ugonjwa wa misuli kuchoka.

Jack McMahan, mtafiti aliyeigundua agrini, hakufundisha hivyo. Mwaka 1979 yeye na wenzake waliharibu msuli wa chura, wakaizuia neva kurudi, wakasubiri. Seli mpya za msuli zikakusanya vipokezi pale pale pa zamani. Alama ilikuwa imebaki kwenye utando unaozifunika seli. Kutoka hapo akaisaka protini yenyewe kwa subira, ndani ya kiungo cha umeme cha samaki taa, hadi agrini ikapatikana. Ushahidi ulitangulia, mshale ukafuata. Na Burden alikuwa mmoja wa walioandika kazi ile ya chura. Miaka 22 baadaye maabara yake ilikuwa mojawapo ya zilizopunguza madai kuhusu agrini.



Wakati wa maswali nilisimama kuuliza kwa nini msuli ulichorwa mtupu. Nikajibiwa kwamba ni kuwarahisishia wanafunzi wa kidato cha sita. Wengi wao asubuhi ile walikuwa wamekuja kwa miguu kutoka Kariakoo, wakipenya katikati ya meza zilizokwisha kupangwa.