Ukiona Vyaelea

Mtazamaji aliyekaa gizani mbele ya filamu nzuri haioni kazi iliyofanyika. Anaona mlango ukifunguka, mwanamke akigeuka, machozi yakimlengalenga, na moyo wake yeye mtazamaji unashtuka. Hana habari kwamba mlango ulipigwa picha Jumatatu na uso wa mwanamke Alhamisi, katika nyumba mbili tofauti, na kwamba mlio wa bawaba ulirekodiwa baadaye, mahali pengine kabisa. Wahenga walisema, ukiona vyaelea, vimeundwa. Nataka kuisifu shule inayowafundisha vijana kuunda vitu hivyo, na hasa namna yake ya kufundisha, ile isiyokubali kumtenga anayefikiri na anayetenda.

Dola lilianzisha shule ya kwanza ya aina hiyo mjini Moscow mwaka 1919, Urusi ikiwa katikati ya vita vya wenyewe kwa wenyewe. Chakula kilikuwa haba, na utepe wa filamu karibu haukupatikana. Lev Kuleshov, aliyekuwa na umri wa miaka 20 tu, alijikuta na wanafunzi wenye hamu ya kutengeneza sinema lakini wasio na cha kupigia picha. Hawakukaa kusubiri. Waliandika mswada, wakaugawa katika shoti, wakaziigiza shoti hizo moja baada ya nyingine mbele ya watazamaji, wakibadilisha mandhari haraka kana kwamba filamu inakatwa na kuungwa papo hapo. Waliziita filamu zisizo na utepe. Walichambua pia Intolerance, filamu ya Mmarekani D. W. Griffith ya mwaka 1916, wakijiuliza alikata wapi na kwa nini alikata hapo.

Ni katika mazingira hayo Kuleshov alifanya jaribio ambalo hadi leo linafundishwa katika kila shule ya filamu. Alichukua picha ya uso wa mwigizaji Ivan Mosjoukine, uso mtulivu usioonyesha hisia yoyote, akaiunga na picha nyingine: sahani ya supu, maiti ndani ya jeneza, kisha mwanamke. Watazamaji waliusifu uigizaji. Waliona njaa, wakaona huzuni, wakaona matamanio, ilhali uso ulikuwa uleule. Jaribio lenyewe halikuhifadhiwa, na tunalijua kwa masimulizi ya Kuleshov na ya mwanafunzi wake Vsevolod Pudovkin. Lakini funzo lake ni bayana: maana ya picha huzaliwa pale inapokutana na picha jirani yake.

Nalipenda jaribio hili kwa sababu linaonyesha nadharia ilikotoka. Haikushushwa kutoka maktaba ikawekwa juu ya vichwa vya mafundi. Ilitoka mezani, mikononi mwa watu waliokuwa na mkasi, gundi na vipande vichache vya utepe. Tunachokiita nadharia ya filamu, kwa sehemu kubwa, ni kumbukumbu ya mikono iliyotutangulia.

Sergei Eisenstein, aliyekwisha kuishangaza dunia kwa Battleship Potemkin ya mwaka 1925, alifundisha katika shule hiyohiyo. Mojawapo ya mazoezi yake mashuhuri lilihusu Dessalines, jenerali mweusi wa Haiti. Wafaransa wanamwalika karamuni wakiwa wamekula njama ya kumkamata, anatahadharishwa, anajinasua. Eisenstein hakuwapa wanafunzi jibu. Aliwauliza meza ikae wapi. Jenerali aingie kwa mlango upi? Ni wakati gani hasa mtazamaji atambue kwamba kuna mtego, na jenerali atambue lini? Walijadili hatua kwa hatua, wakachora ubaoni, wakafuta, wakachora tena. Kamera haikuwemo darasani, lakini kila walichokiamua kilikuwa cha kamera. Hayo yalikuwa mafunzo ya vitendo kwa asilimia mia, ingawa kifaa chao kilikuwa chaki.

Mkondo huo ulilifikia bara letu. Ousmane Sembène wa Senegal, mwandishi wa riwaya aliyewahi kuwa kuli wa bandarini Marseille, alikwenda Moscow mwanzoni mwa miaka ya 1960 kujifunza katika Studio ya Gorky chini ya Mark Donskoy, kwa kuwa alitaka kuwafikia watu wake wasiojua kusoma. Aliporudi alitengeneza Borom Sarret, filamu fupi ya mwaka 1963 inayomfuata mwendesha mkokoteni katika mitaa ya Dakar. Souleymane Cissé wa Mali alisoma katika ile shule ya Kuleshov na Eisenstein, na mwaka 1987 filamu yake Yeelen ikapata Tuzo ya Majaji huko Cannes. Ukizitazama kazi zao huoni Urusi. Unaona Dakar, unaona nyika za Mali. Walichokwenda kuchukua ni nidhamu ya kuuliza kwa nini kamera iwe hapa na isiwe pale.

Nidhamu hiyo hujengwa kwa mambo yanayoonekana madogo. Darasani mwalimu huchora watu wawili wanaotazamana, akapitisha mstari kati yao, akasema kamera ichague upande mmoja wa mstari na ibaki hukohuko. Mwanafunzi anaandika, anaelewa, anafaulu mtihani. Kisha anakwenda kupiga picha. Chumba ni kidogo, dirisha liko upande usiofaa, jua linazama, naye anauvuka mstari ili awahi mwanga. Siku ya uhariri anakuta wahusika wake wote wawili wanatazama upande mmoja, kama wanaozungumza na mtu wa tatu asiyekuwepo. Hapo ndipo ule mstari wa ubaoni unapomwingia, na hautamtoka tena. Na akishaumiliki, siku moja atauvuka kwa makusudi, pale anapotaka mtazamaji apotee pamoja na mhusika aliyepotea.

Sauti nayo ina somo lake. Kila chumba kina ukimya wake: friji linalonguruma, feni, upepo unaopapasa mabati. Kabla ya kuondoka, mrekodi sauti huwaomba watu wote wanyamaze kwa nusu dakika au zaidi ili aunase ukimya huo peke yake. Asiyefundishwa huona ni kupoteza wakati. Aliyefundishwa anajua kwamba mhariri atakapokata maneno ya waigizaji atabakiwa na matundu, na kwamba hakuna kinachoziba matundu hayo isipokuwa ukimya wa chumba kilekile.

Lakini heshima yangu kubwa kwa shule ya filamu inakuja pale vitendo vinapoisahihisha nadharia. Vitabu vingi vya mwanga na rangi viliandikwa kwa kutazama ngozi nyeupe. Kwa miongo mingi maabara zilisawazisha rangi kwa kadi za Kodak zenye picha ya mwanamke Mzungu, zikajulikana kama kadi za Shirley. Mwanafunzi wa Mombasa au Dar es Salaam akifuata maandiko hayo bila kuuliza, atampiga picha mzee mweusi aliyevaa kanzu nyeupe chini ya jua la saa saba na kupata kanzu inayong'aa isiyo na mtu ndani yake. Kipimo cha mwanga kimesoma kanzu, uso umezama. Akikielekeza kipimo usoni na kukitii bila kufikiri, uso utapauka, kwa kuwa kipimo huchukulia kila kitu kuwa cha kijivu. Basi lazima ajifunze kumsogeza mzee kivulini, kuweka mwanga mpana na laini ubavuni, na kuuacha uchezee paji la uso na shavu. Ngozi nyeusi hupendeza kwa jinsi inavyorudisha mwanga. Hilo ni somo la nadharia sawa na lingine lolote, na wenye haki ya kulifundisha ni waliokwisha kulitenda.

Afrika Mashariki imeuonja utamu wa mafunzo ya namna hii. Mira Nair alianzisha Maisha Film Lab mjini Kampala, na waandishi na waongozaji chipukizi wa eneo letu wakapata walimu waliokuwa mafundi. Nairobi, mwongozaji Mjerumani Tom Tykwer na washirika wake walianzisha warsha ambamo masomo yalifuatiwa na utengenezaji wa filamu ndefu kamili. Soul Boy ya Hawa Essuman, iliyopigwa Kibera, ilitangulia. Mwaka 2012 ikafuata Nairobi Half Life ya David "Tosh" Gitonga, filamu ya kwanza ambayo Kenya iliiwasilisha kuwania Oscar ya lugha za kigeni. Kisha mwaka 2018 ikaja Supa Modo ya Likarion Wainaina, kisa cha mtoto mgonjwa anayeota kuwa shujaa mwenye nguvu za ajabu, na kijiji kinachoungana kumtimizia ndoto yake kwa kumtengenezea filamu. Watazamaji walicheka na kulia. Mimi niliona pia darasa: watu wanaogawana kazi, kila mmoja akijua kwamba ya mwenzake isipofanyika, yake haina maana. Ndiyo sababu shule nzuri humfanya mwanafunzi awe mwongozaji katika zoezi moja na mshika maikrofoni katika zoezi linalofuata. Aliyewahi kuinyanyua ile fimbo ya maikrofoni mpaka mabega yakamuuma hatarudia tukio kwa sababu tu ameshindwa kuamua analotaka.

Mwanafunzi wa leo hana dhiki ya Kuleshov. Simu iliyo mfukoni mwake inaweza kurekodi kwa saa nyingi bila gharama ya utepe, na wapo wanaosema kwamba kwa hiyo shule haihitajiki tena. Naamini kinyume chake. Zamani uhaba ulimlazimisha mtu afikiri kabla ya kubonyeza. Leo ni mwalimu anayepaswa kumlazimisha: simulia kisa hiki kwa shoti tano, bila neno hata moja, kisha utueleze kwa nini tano hizo.

Na wale waliokwisha kufuzu wana deni. Ikiwa nadharia ni kumbukumbu ya mikono iliyotangulia, basi mikono ya Nairobi, Kampala, Zanzibar na Dar es Salaam imekwisha kujua mengi ambayo hayamo vitabuni: jinsi ya kuuangazia uso wetu, jinsi ya kurekodi mazungumzo mvua ikipiga bati, jinsi ya kupiga picha sokoni bila kulisimamisha soko. Nawaomba wayaandike, tena kwa Kiswahili, ili kijana atakayeingia darasani kesho aanzie pale wao walipofika.