Kibao cha Msasa

Kabla ya karatasi kufika madukani, msasa ulichumwa mtini. Mti wenyewe ndio uitwao msasa, majani yake yanakwaruza kama ulimi wa paka, na seremala aliyasugulia mbao mpaka ikalainika. Karatasi ilipokuja ikarithi jina, nalo jina likapanda cheo: leo hata watumishi wa ofisi hupigwa msasa, siku mbili, na chai ya saa nne. Mbao haina posho, kwa hiyo haina haraka.

Ninachokisifu mimi ni kile kinachokaa chini ya karatasi. Ukisugua kwa vidole vitupu, vidole huchimba palipo laini na kuruka palipo pagumu. Jicho halioni kitu. Unapaka vanishi, unasogeza meza dirishani, ndipo unaona mawimbi.

Basi chukua kipande cha mninga kilichobaki, upana milimita 60, ukipige randa kinyooke. Chini yake gandisha soli ya kandambili iliyokatika. Sijaona mto bora zaidi dukani. Karatasi nzima ya milimita 230 kwa 280 ikunje mara mbili, uichane kwenye ukingo wa rula ya chuma (mkasi wa mama watoto usiuguse, kuna kesi). Robo moja inazunguka kibao na kubakiza ncha mbili juu, vidole vizibane. Anza na namba 80, kisha 120, kisha 180, ukifuata nyuzi. Ukiruka namba, michirizi ya 80 itakungoja chini ya vanishi.

Kwa mbonyeo, mpini wa ufagio unatosha. Lakini fremu ya mlango yenye mifuo na migongo ndiyo iliyonifunza adabu. Hapo huchongi kibao. Unalaza msasa juu ya fremu yenyewe, makali yakitazama juu, kisha unasugua kipande cha mbao laini mbele na nyuma, mpaka fremu ikichonge kipande kwa umbo lake. Ukigeuza karatasi na kukivisha kipande, kinaingia kila mfuo bila kulalamika.

Vibao hivyo vya fremu huvitupa kazi ikiisha. Kile cha mninga kipo miaka yote, na upande mmoja kina kishimo, pale gumba linapokaa. Sikukichonga.