Mlima Usio na Mbali

Mchoraji anayefika Irente, juu ya mji wa Lushoto, hana kazi kubwa. Jabali linakatika ghafla, tambarare ya Mazinde inalala chini na mkonge wake, anga linachukua nusu ya karatasi. Mandhari yamejipanga yenyewe: karibu, kati, mbali. Ndiyo maana picha ya Irente ni rahisi kuipenda na rahisi kuisahau.

Amani haimpi mtu neema hiyo. Iko Usambara Mashariki, kwenye mita kama 900, na mvua yake hukaribia milimita 2,000 kwa mwaka. Ukisimama katikati ya chai, mteremko wa ng'ambo unapanda mpaka unaziba anga. Upeo haupo. Ukungu nao unavuruga ile kanuni ya kufifisha rangi kadiri vitu vinavyokwenda mbali: mti wa karibu unatoweka, kilima cha nyuma yake kikiwa bado cheusi.

Kwa tatizo hili nampeleka Amani, kwa mawazo, mtu asiye wa huko. Mchoraji Sam Ntiro alikuwa wa Machame, Kilimanjaro. Alisoma Makerere chini ya Margaret Trowell, kisha shule ya sanaa ya Slade, London. Picha yake ya rangi za mafuta ya 1956, ya wanaume wakipeleka pombe ya ndizi kwa bibi harusi usiku, imo katika Museum of Modern Art, New York.

Usiku! Hapo tu tumeshajua kwamba hakusimama njiani na turubai lake. Gizani rangi hazichaguliki. Alichora kwa kumbukumbu, na ndivyo Trowell alivyowazoesha wanafunzi wake: aliwasimulia tukio, wao wakalitoa kichwani.

Katika picha za vijijini za Ntiro, ardhi husimama. Kilima hakijilazi nyuma ya watu. Kinainuka nao, miti na watu wakitandazwa juu yake kama khanga iliyoanikwa. Kwa mtu aliyepita Slade, hilo si kutojua vipimo. Ni uamuzi, tena unaoifaa Amani kuliko Irente. Shamba la mteremkoni huonekana hivyo hivyo: migomba juu ya magimbi, iliki chini ya kivuli cha miti mikubwa, njia ikikata mshazari, mwenye jembe wa juu akionekana wazi sawa na wa chini. Macho hayaendi mbali, yanapanda.

Lakini kumbukumbu ina upole kupita kiasi. Milima ya Ntiro haina utelezi, wala hali ya hewa haiigusi sana rangi yake. Kule Amani, chai iliyochumwa jana imebakiwa na majani makuukuu, kijani kizito. Ya jirani, inayongoja wachumaji, imevaa umanjano juu. Tofauti hiyo haikai kichwani hata kwa wiki. Lazima uiendee, uketi kwenye unyevu, rangi ya maji ikikataa kukauka na karatasi ikijikunja.

Kwa hiyo ningemtaka mchoraji anayechorea nje atakayepanda Amani alikate anga lote, pengine aache kipande cha upana wa kidole pembeni. Mteremko aujaze mpaka juu kwa ujasiri wa Ntiro, kisha kijani kizito na kile cha manjano aviache vigusane, bila kutia kivuli katikati.