"Bei Maelewano": Uhakiki wa Tangazo la Maneno Manane

Msimu uliopita mdogo wangu alinitumia tangazo lililokuwa likizunguka hapa Mpanda: "Meza ya pool inauzwa. Hali nzuri. Bei maelewano." Akaongeza, "Kaka, si unachambua vitabu? Nichambulie na hili." Alikuwa na laki tisa, akiba ya mpunga wa misimu miwili. Muuzaji alitaka milioni moja na laki mbili.

Nikalisoma kama riwaya. "Inauzwa" haina mtenda: nani anauza, na kwa nini sasa? "Hali nzuri" ni kosa la mwandishi anayetuambia mhusika wake ni mwema bila kumwonyesha akitenda wema. Basi tukaenda Makanyagio kuona matendo.

Muuzaji alikuwa mama mtu mzima, mjane. Tulimwamkia, tukaomba ruhusa ya kukagua. Tukausukuma mpira polepole kutoka ncha hadi ncha; ukapinda kidogo, mguu mmoja ulikuwa umezama. Raba za kingo zilikuwa zimekauka. Kitambaa kimechanika karibu na shimo. Kisanduku kikameza sarafu ya mia mbili bila kuachia mipira. Lakini nilipogonga kwa chini, sauti ikaja nzito: jiwe, siyo ubao wa unga wa mbao ambao ukilowa unavimba na haurudi tena.

Tukapiga hesabu pembeni. Michezo 25 kwa siku, mia mbili kila mmoja, ni 5,000. Nusu ya mwenye kibanda, inabaki 2,500. Kwa milioni moja na laki mbili, ni siku 480 kurudisha hela, na hapo hujahesabu matengenezo wala masika, vijana wakiwa mashambani. Aliyoinunulia marehemu hayatusaidii. Reli ya Kaliua hadi Mpanda ilijengwa kwa ajili ya madini ya risasi. Mgodi ulifungwa, na leo hakuna anayepima thamani ya treni kwa risasi.

Likabaki neno la mwisho. Nyerere alipotafsiri tamthilia ya Shakespeare mwaka 1969 aliiita Mabepari wa Venisi. Angeweza kuandika "wafanyabiashara". Neno alilochagua tayari lina hukumu ndani yake. "Maelewano" nalo lina hukumu, ila imefichwa: linajifanya kuna watu wawili walio sawa. Kumbe mmoja ana haraka zaidi. Tulipomtajia kasoro zote, mama akashuka mwenyewe hadi laki saba. Alikuwa na ada ya mtoto.

Mdogo wangu akanikonyeza ninyamaze. Nikasema, "Mama, chini ya kitambaa kuna jiwe zima." Hakujua, mambo ya meza aliyajua mumewe. Akafikiri, akasema laki nane. Tukalipa. Laki moja ikabaki ya kitambaa, raba na fundi wa kisanduku.

Mdogo wangu alininunia njia nzima hadi Kashaulili: laki moja nimeitupa kwa mdomo wangu, bana. Pengine. Ila kwa laki nane, hela yake inarudi ndani ya siku 320, na nikimwona yule mama sokoni namwamkia bila kuinamisha uso. Mhakiki anayetaja nyufa na kunyamazia jiwe ni dalali tu, hata akiwa anahakiki riwaya.