Mwaka katika Minyororo: Uaminifu wa Mfungwa

Kitabu kidogo cha Samwil Sehoza, Mwaka katika Minyororo, kilipigwa chapa London mwaka 1921. Mwandishi alikuwa Mwafrika wa misheni ya Kiingereza ya UMCA katika nchi iliyotawaliwa na Wajerumani. Vita vilipozuka mwaka 1914, walimu na makasisi Waafrika wa misheni hiyo walishukiwa kuwa upande wa Waingereza, kwa kuwa ndio waliowasomesha. Wengi wakafungwa.

Tuanze na jina la kitabu, kwani limebeba mengi. Sehoza hakusema “kifungoni”, neno la hakimu na karani. Alisema “katika minyororo”, nasi mara moja tunaona chuma na shingo. Tukumbuke pia kwamba misheni yake ilikuwa imewalea watumwa walioachwa huru huko Mbweni, Unguja. Kwa watu hao, mnyororo haukuwa tamathali ya usemi. Na neno “mwaka” ni hesabu: mfungwa anayehesabu siku zake hajamwachia bwana wake kila kitu.

Je, uaminifu wa wafungwa hawa ulikuwa kwa nani? Wapo watakaojibu: kwa Waingereza. Wataleta mfano wa Martin Kayamba, aliyefungwa na Wajerumani katika vita hivyo, kisha akawa mtumishi wa serikali ya Kiingereza na kupewa nishani ya M.B.E. Sisi hatukubaliani nao. Nishani ni shukrani ya mtawala. Haitufunulii moyo wa aliyefungwa. Uaminifu wa Sehoza tunauona katika tendo la kuandika, tena kwa Kiswahili, lugha iliyoeleweka na wafungwa na hata na askari waliowalinda. Yeyote kati yao aliyejua kusoma aliweza kumsahihisha. Huo nao ni ushujaa.

Hata hivyo, masimulizi ya mfungwa kwa desturi hukoma siku ya kufunguliwa. Sisi tulio hapa Nyakiriba hatuna budi kuendelea. Tabora, walikokusanywa wafungwa wengi, ilitwaliwa na majeshi ya Wabelgiji tarehe 19 Septemba 1916. Majeshi hayo yalikuwa yamepita Rwanda tangu miezi ya Aprili na Mei, Wajerumani walipokuwa wakiiacha Kisenyi, kama ulivyoitwa mji wetu. Vita vilikula chakula cha Bugoyi na kuwatwika watu wake mizigo. Ikafuata njaa ya Rumanura, 1916 hadi 1918, iliyoua watu wengi.

Kwa hiyo, ndugu walimu, tukikisomesha kitabu hiki, tusimpunguzie Sehoza heshima yake, wala tusiishie langoni mwa gereza. Mnyororo uliokatwa Tabora ulikatwa na jeshi lililokuwa limekula vihenge vya watu. Waliofungwa walipata mwandishi. Wapagazi wetu bado wanamngoja wao.